Siku Majina Yalipokatwa kwa Msumeno

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiisimulia mwili unanisisimka, na mimi si mtu wa kutishika ovyo. Jumapili iliyopita ulikuja hapa baada ya misa, umevaa ile suti ya kazi yako mpya ya bima, asiransi kama tunavyosema sisi wa Bukavu, ukanieleza jinsi makampuni yanavyoshikana mikono. Moja linakubeba wewe, lenyewe limebebwa na lingine kubwa zaidi, na hilo nalo lina la kulibeba huko ng'ambo. Ukasema mkubwa wenu amewafundisha kwamba kuna hatari inayozidi moto na ajali, nayo ni siku ambapo wote wataogopa kwa pamoja. Nilicheka, ukadhani nakudharau. Hapana. Nilicheka kwa sababu jambo hilo nililiona kwa macho haya, kule Kasha, kwenye uwanja wa mbao, nikiwa msichana ambaye bado hajapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari. Kaa basi. Sombe, majani yetu ya muhogo, bado iko jikoni, tuna muda.

Wakati ule tuliishi Cimpunda, mimi na mama yangu. Baba alituachia nyumba ya mbao ya vyumba viwili, na zaidi ya hapo hakuacha kitu. Unaijua Cimpunda. Nyumba zimebanana hata jirani akipiga chafya unamwombea baraka bila kutoka kitandani. Mimi niliupenda ujirani ule. Lakini na moto nao unaupenda. Mbabula moja yenye makaa ikipinduka kwa mtu mmoja, njia nzima inalia, na gari la kuzima moto haliwezi kupenya vichochoro vile hata likitaka.

Kwa hiyo wazazi wetu walikuwa na Chama cha Mbao. Fedha hawakukusanya, maana fedha ya siku zile ilipungua nguvu kabla hujafika nayo sokoni. Walikusanya mbao. Kila kiangazi kila nyumba ililetea chama mbao kwa kadiri ya uwezo wake, na nyumba ya mwanachama ikiungua, chama kiliijenga upya. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, na kibaba chetu kilikuwa kirefu kuliko mtu.

Aliyeongoza chama hicho alikuwa maman Cibalonza, muuza unga wa muhogo pale sokoni Nyawera. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, mwenye tabia ya kukutazama mpaka ukumbuke hata kosa ambalo hukulitenda. Yeye ndiye aliyegundua kwamba tulikuwa tukiweka mbao zetu palepale Cimpunda, katikati ya nyumba zetu. Aliwaambia wazee, "Akiba yenu inalala kitanda moja na moto." Kisha akapanda mwenyewe mpaka Kasha, upande wa Bagira, kuongea na watu wa huko. Kasha nyumba zinasimama mbalimbali, moto si shida yao kubwa. Shida yao ni mvua, inayoteremsha udongo pamoja na nyumba iliyo juu yake. Sisi tuna hofu wakati wa kiangazi, wao wana hofu wakati wa masika. Basi wakakubaliana kuwa chama kimoja, na mbao zote zikalazwa Kasha, katika uwanja wa papa Mushagalusa, mkulima mmoja mzee ambaye kila mtu alimwamini.

Ukiniuliza, ile ilikuwa asiransi ya kweli, na iliwekwa na mama asiyekuwa na ofisi wala kalenda ya ukutani. Ila tulikuwa na desturi moja. Kila ubao ulipoletwa, mwenyewe aliandika jina lake kwenye ncha kwa rangi nyekundu. Nani hapendi kuonekana ametoa? Hata kanisani, anayetoa mbuzi anataka mbuzi apite katikati, watu wote wamwone. Hakuna aliyeona ubaya wa yale majina, hata maman Cibalonza mwenyewe.

Moto ulikuja mchana, upepo ukitoka ziwani. Ulianzia njia ya juu, na tulipousikia ulikuwa tayari unakula paa la jirani yetu wa tatu. Mama alitoka na picha ya baba na godoro. Mimi nilitoka na sufuria ya maharagwe, sijui kwa nini, na nikaendelea kuishika kwa mikono miwili mpaka ikapoa. Watu walibomoa nyumba zilizokuwa mbele ya moto ili usipate njia, na hivyo upande wa chini ukapona. Upande wetu haukupona. Nyumba ya maman Cibalonza nayo iliondoka.

Mama hakulia. Alisimama akitazama mahali palipokuwa na mlango, akaniambia kwa sauti ndogo, "Tuko na chama." Nilielewa maana ya neno hilo. Bila chama, tungerudi kwa kaka zake kule Walungu, tukalale jikoni kwa watu, na masomo yangu yangeishia hapo. Kila kitu chetu sasa kilikuwa Kasha, chini ya manyasi makavu, kimeandikwa rangi nyekundu.

Tulilala kwenye ukumbi wa parokia pamoja na wengine walioungua. Kesho yake asubuhi akaja tonton Byamungu, mdogo wake baba, mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nyumba yake ilikuwa upande wa chini, haikuguswa hata na moshi.

"Shemeji, simama! Pale Nyawera banasema mbao haitatosha batu bote. Batu banakamata zabo. Ukichelewa utakuta vumbi tu."

"Lakini weye nyumba yako iko sawa," mama alimwambia.

"Iko sawa leo. Na kesho? Mwenzako akinyolewa, zako tia maji!"

Methali ni nzuri, mwanangu, ila hata methali inaweza kutumwa kazi mbaya. Ukweli ulikuwa hivi: mbao zilitosha kabisa kuwajengea walioungua, mradi wasioungua wasiguse zao. Lakini kama kila mmoja angekimbilia zake kwa kuogopa kwamba hazitoshi, hapo ndipo zisingetosha. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siku hiyo nililiona likija kwa miguu yake lenyewe, kwenye barabara ya Bagira, wanaume kwa wanawake, hakuna anayemwamkia mwenzake.

Tulipofika Kasha sikuamini. Uwanja wa papa Mushagalusa ulijaa watu wanaosukumana. Waliinama kwenye ncha za mbao wakisoma majina, wakivuta za chini bila kuondoa za juu, rundo likiporomoka, mguu wa mtu ukibanwa. Papa Mushagalusa alisimama na mikono yake miwili hewani. "Batoto ya Mungu," alisema, "mvua bado! Mvua bado!" Maana na watu wa Kasha walikuwa wameanza kuvuta zao. Walifikiri, hawa wa Cimpunda wakimaliza kila kitu leo, masika yakija sisi tutashika nini? Nao walikuwa na haki ya kufikiri hivyo. Kila mtu pale alikuwa na haki, na wote pamoja walikuwa wanabomoa.

Mlangoni walikuwa wamekwisha kufika wanunuzi wa mbao. Sijui nani huwaambia, ila wanajua siku zao. Fikiria, mwanangu: mtu ambaye nyumba yake imesimama anautoa ubao ambao hauhitaji, hana mahali pa kuuweka, basi anauuza palepale kwa bei ya kutupa. Wa pili akiona bei imeshuka, anaharakisha kabla haijashuka tena. Na wa tatu anamwona wa pili. Asubuhi mbao zile zilikuwa nyumba za watu, na kabla ya adhuhuri zilikuwa zikiuzwa kama kuni. Moto wa jana ulichoma upande mmoja wa Cimpunda. Huu wa leo haukuwa na moshi, na ulikuwa unachoma vilima viwili.

Mama aliingia katikati ya watu akatoka na mbao zenye jina lake. Hazikuwa nyingi, mjane hatoi nyingi. Nilizitazama nikapima kwa macho: ukuta mmoja, labda na kipande cha mlango. Alizikumbatia kifuani.

Hapo akafika maman Cibalonza.

Alikuwa amevaa kitenge kilichoungua upindo, na alitembea polepole. Hakupaza sauti. Alimwendea seremala mmoja, akamwambia, "Nipatie musumeno." Seremala akampa. Kisha akauliza zake ziko wapi, wakamwonyesha. Akachukua ubao wa kwanza, akauweka juu ya mawe mawili, akaukanyaga kwa mguu, akaanza kukata. Hakukata katikati. Alikata ncha, upana wa kiganja, palepale penye jina lake. Kipande kikaanguka chini, rangi nyekundu ikitazama juu.

Waliokuwa karibu wakanyamaza, kisha na wale wa nyuma wakanyamaza kutaka kujua walio mbele wamenyamazia nini.

"Hii mbao haiko yangu tena," alisema. "Iko ya ule mwenye nyumba imeungua, ao ya ule mwenye mvua itamutelemusha. Tulikosea toka mwanzo. Mbao yenye jina haiko akiba. Iko muzigo ya mutu, aliweka kwa jirani."

Tonton Byamungu alikuwa na mbao zake begani. "Maman prezida, mi nilileta hii na mukono yangu. Jina yangu iko pale!"

"Iko pale, eeh. Sasa niambie, Byamungu. Kama moto ingekufikia weye, na hizi zako peke yake ungejenga nini?"

Tonton akaziangalia.

"Choo," mtu mmoja alisema nyuma, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuogopa.

"Choo," maman Cibalonza alikubali, bila kucheka. "Na tena choo bila mulango. Bote hapa, kila mutu arudi na choo yake. Ni ile munataka?"

Akakata ubao wake wa pili. Akakata wa tatu. Nilisikia msumeno tu na watu wanavyopumua. Lakini nikuambie ukweli, hakuna aliyesogea. Walimheshimu, wakamwonea haya, ila walibaki wameshika mbao zao. Kiongozi akitoa chake watu husema ni kazi yake kutoa. Niliwaona wanunuzi pale mlangoni wakisubiri, wamekunja mikono, na nikajua kwamba dakika chache zijazo kelele zitarudi na chama kitakwisha.

Ndipo mama yangu akaenda.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Huyu alikuwa mtu ambaye hana kijiko. Kile alichokumbatia ndicho kilikuwa mali yake yote chini ya mbingu. Akikipeleka Walungu angalau angekuwa na ukuta wa kuegemea. Akikitoa na wengine wasitoe, hana hata huo. Nilimshika nguo nyuma ili asiende, nikasema, "Maman, ngoja kwanza wengine." Aligeuka akanitazama, na machoni mwake niliona hofu kubwa kuliko yangu. Hakuwa jasiri, na hilo ndilo linalonishangaza hadi leo. Alikuwa anaogopa kabisa, na miguu yake ilikuwa inaenda.

Aliweka ubao wake juu ya mawe mawili. Alikuwa hajui kukata kwa msumeno, ukamteleza mara ya kwanza ukamkwaruza kidole. Maman Cibalonza hakumpokonya. Aliukanyaga ubao upande wa pili ili usicheze, na mama akakata jina la nyumba yetu mpaka likaanguka.

Uwanja wote ulikuwa kimya namna ambayo nimeisikia kanisani tu, mkate unapoinuliwa. Niliona watu wakubwa, wanaume wenye ndevu, wakitazama kipande kile cha ubao pale chini kana kwamba kimeongea. Papa Mushagalusa alivua kofia. Kisha mzee mmoja wa Kasha, ambaye hakumjua mama wala jina lake, akaja na mbao zake akazilaza kando ya zetu, akasema, "Na mimi, munikatie." Baada yake mwingine. Baadaye wakawa wengi hata seremala akatuma watu waende kuazima misumeno mingine Bagira.

Tonton Byamungu alikuwa wa mwisho mwisho. Alikuja akinung'unika kwamba wangemwambia mapema asingepanda mlima wote ule bure. Lakini alikata.

Walikata mpaka jioni. Uwanja ulinuka mbao zilizokatwa na jasho. Wanunuzi waliondoka kimya kimya, maana mbao za watu wote huwezi kuzinunua kwa mtu mmoja. Na vile vipande vyenye majina wanawake wa Kasha walivikusanya wakavipikia bugali, tukala wote, wa vilima vyote viwili, kwa kuchangia sahani. Tonton alidai kwamba jina lake ndilo lililowaka vizuri kuliko yote. Hata siku ile hakukosa la kujisifia.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilirudi. Waliokwisha kuuza asubuhi, wengine walileta mbao nyingine baadaye, wengine hatukuwaona tena katika chama, na tuliishi bila wao. Wala maman Cibalonza hakutugawia mbao zote. Watu wa Cimpunda walipomwomba nyumba kubwa kama zile za zamani, alikataa katakata. Kila aliyeungua alijengewa chumba kimoja kwanza, na sehemu ya mbao ikabaki palepale Kasha kungoja masika. Tulimsema vibaya kwa hilo, hata mimi nilimsema. Masika yalipokuja, kipande cha mlima kiliteremka Kasha wakati wa chakula cha asubuhi. Mbao zilikuwepo, na tulipanda wenyewe kwenda kusaidia kujenga.

Chumba chetu kilikwisha siku moja kabla ya mvua ya kwanza. Kuta zake zilikuwa fupi kwa kiganja kimoja, na tonton aligonga kichwa kila alipotutembelea. Seremala alipoondoka, mama aliingia ndani peke yake. Alianza kupapasa ukuta, ubao baada ya ubao, akitafuta kitu kwenye ncha zake. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Natafuta kujua hii ilitoka kwa nani, niende nimushukuru." Akaenda ukuta wa pili, akaenda wa tatu. Msumeno haukuwa umesahau hata ubao mmoja; hakuna uliokuwa na jina. Ndipo akaketi sakafuni, akalia kwa mara ya kwanza tangu moto, akisema, "Sasa nitashukuru bote. Sasa itanibidi nishukuru bote."

Basi sikia, mwanangu, na wewe unayesoma haya bila kuwa na kazi ya bima sikia pia, maana hakuna asiyebebwa na mtu. Kwenye ofisi yako watakufundisha kupima moto, mvua na ajali. Pima, ni vizuri. Lakini ukiambiwa kwamba kampuni fulani inawabeba ninyi, uliza yenyewe imesimama kwenye mlima upi, maana mkiwa mlima mmoja mtateremka pamoja huku mmeshikana mikono. Uliza akiba inalala wapi. Usikubali iishe yote kwa msiba wa leo hata wakulilie, kwa kuwa kuna mtu wa masika ambaye bado hajajua kwamba atakuhitaji. Sema ukweli mapema kabla uvumi haujasema uongo, kwani palipo na ukimya wa viongozi ndipo uvumi hujenga nyumba. Na ujue kwamba hofu ya mtu mmoja ni akili, lakini hofu ya watu wote kwa pamoja inabomoa hata kile ambacho moto umekiacha. Siku hiyo ikikufika, usingoje hadi hofu iishe ndipo utende lililo sawa. Hutaacha kuogopa. Nenda nayo hofu yako hivyohivyo.

Nyamuzinda, kama bibi zetu walivyomwita Mungu, akuweke. Akupe mkono wa kutoa usioandika jina, na jicho la kumwona anayebomokewa kule kilima cha pili. Kazi yako iwe paa kwa watu usiowajua, na siku paa lako litakapoondoka, Mungu asikuepushe na wema wa watu ambao hutajua kamwe uwashukuru vipi. Amina, mwanangu. Sasa niletee sahani, tule.